Mstari wa Kalamu kwenye Mguu wa Orest

Asubuhi za Machi huku kwetu Alberta, Kanada, huanzia zizini. Ng'ombe wanazaa, na mume wangu Orest hapati hata muda wa kukaa. Jumatatu senyenge ilimchana mguu. Jumatano mguu ulikuwa umevimba, mwekundu, una moto kama sufuria.

Nikapiga simu kliniki. Karani akasema nafasi ipo baada ya wiki tatu, la sivyo twende hospitali, kilomita tisini. Nikamuuliza kama hakuna mtu mwingine wa kumtibu. Akasema hakuna, akakata.

Kugeuka, namkuta Orest jikoni na bomba la sindano na chupa ya dawa ya ndama.

"Weka chini hiyo," nikamwambia.

"Penisilini ni penisilini, mama Luka. Baba alikuwa akijidunga hii hii."

"Na wewe ni ndama wa kilo ngapi? Kipimo chako unakijua?"

Alicheka, lakini alikuwa akichechemea. Nikampeleka kwenye duka la dawa la Marlene Dubyk, nikitafuta angalau kitu cha kutuliza maumivu.

Marlene ni mfamasia. Alimwingiza Orest kwenye chumba cha pembeni, akampima joto, akamuuliza kama kuna dawa zinazomdhuru. Nikamsimulia na ile sindano ya ndama. Akachora mstari wa kalamu kuuzunguka wekundu. Kisha akamwandikia dawa yeye mwenyewe.

Nikamuuliza kama hiyo si kazi ya daktari.

"Ni yangu pia, dada," akasema. "Nimesomea, nina kibali, na sheria inaturuhusu miaka mingi sasa. Dawa za maumivu zenye kulevya, kama mofini, siandiki. Na angekuwa na homa kali ningewatuma hospitali sasa hivi. Wekundu ukivuka mstari huu, msingoje, nendeni. Na wewe Orest, dawa ya ng'ombe mwachie ng'ombe."

Hapo hasira ikanipanda. Sheria ipo miaka mingi, halafu mtu ananiambia hakuna! Ilibaki kidogo tu mume wangu ajidunge dawa ya mnyama. Wangapi wamejidunga kwa kukosa neno moja la simu?

Siku ya tatu wekundu ulikuwa umerudi ndani ya mstari. Orest alimaliza dawa zote, hata alipojiona mzima.

Mimi nilikwenda kliniki, mwanetu Luka nimempakata. Sikupaza sauti, lakini sikuondoka mpaka karani alipoandika namba ya Marlene kando ya simu yake.

Wiki iliyofuata jirani yetu Irena aliamka jicho limeganda usaha. Akapiga simu kliniki. Karani akamwelekeza kwa Marlene, na kabla ya saa sita mchana Irena alikuwa nyumbani, dawa iko jichoni.