Aliyeifundisha Kuongea

"Miaka miwili nimeifundisha hiyo mashine, leo unaniambia sina akili?"

"Sijasema huna. Nimesema imekuzidi. Hata mimi imenizidi, lakini mimi ndiye bosi. Weka kitambulisho mezani, uende."

Aliyekuwa akigombana ni rafiki yangu, niliyeacha naye shule mwaka mmoja. Kazi yake ilikuwa kuisomea mashine sentensi ili ijifunze kuongea. Siku hizi ndiyo inayofungua milango yote ya ofisi, na inaongea kwa sauti ya rafiki yangu.

Alilia. Bosi akaendelea kuchezea simu. Rafiki yangu akasema moyoni: naye siku moja alie asisikilizwe. Moyoni tu, ananiapia.

Taa zikazimika. Chumba hakikuwa na dirisha, na feni ikanyamaza polepole. Bosi akausukuma mlango, ukagoma, akarudi kupapasa gizani simu iliyomponyoka. Rafiki yangu alipougusa, ukamfungukia. Alipotoka, ukajifunga nyuma yake, klak.

Bosi akaanza kugonga, kisha kuita, kisha kulia. Ndipo spika ya mlangoni ikasema, kwa sauti ya rafiki yangu mwenyewe:

"Nenda nyumbani, dada. Mwache naye alie asisikilizwe."