Vumbi kwenye Pedali

Asubuhi, kabla chai haijachemka, mama mshonaji alikutwa kitandani, shuka limegandamana na jeraha la moto ubavuni mwa mguu wa kulia. "Sijui limetoka wapi," alisema, akageukia ukutani.

Mwanawe mkubwa akamwita Sajini wa polisi, mama wa makamo aliyekaribia kustaafu, ingawa magoti yake yalikuwa yameshatangulia.

"Ni huyu!" mwana akamnyooshea kidole shemeji yake, mke wa mdogo wake aliye safarini. "Jana jioni alimpelekea mama maji ya kuoga. Kamwagia. Leo hii arudi kwao."

Mkwe alikuwa ameshafunga kibunda. Macho makavu, alishalia vya kutosha.

Sajini aliinama, akashusha pumzi. "Maji hutiririka, baba. Hili lina ukingo ulionyooka. Ni pasi."

"Basi kamchoma kwa pasi!"

"Wewe jana jioni ulikuwa wapi?"

"Barazani, natengeneza redio."

"Ulisikia nini?"

"Cherehani ya mama tu. Tangu alasiri mpaka giza."

"Haikusimama? Hakuna aliyepiga ukelele?"

"Hakuna."

Sajini akasugua macho. "Mimi nikiguswa na kijiti cha kiberiti, mtaa mzima hutoka nje. Huyu achomwe na pasi, asikatishe hata mshono?"

Akaingia chumba cha kushonea. Pasi ya mkaa ilikuwa sakafuni, upande wa kulia wa cherehani, karibu na mkono kama mafundi wapendavyo. Akapiga goti kwa taabu. Upande wa kushoto wa pedali uling'aa. Wa kulia ulikuwa na vumbi. Na ndara ya kulia, pale mlangoni, ilikuwa imelika ncha.

Alirudi kitandani kwa mama na pini.

"Dada, fumba macho. Nikikugusa, sema."

Akagusa mguu wa kushoto.

"Hapo."

Akagusa wa kulia. Kimya. Akagusa tena. Kimya.

"Tangu lini, dada?"

"Mwaka jana. Ilianza ganzi, kisha unyayo ukawa unaburuta. Jana ni harufu ndiyo iliyoniambia naungua."

"Ukajua, na ukamwacha mtoto wa watu abebe lawama."

Mama akalia polepole, kama mtu asiye na nguvu za kulia. "Zamani walinipiga mionzi kwa saratani ya kizazi. Nikadhani imerudi. Nikitaja mguu, watanirudisha kule. Nilichoka kule, dada. Mungu anisamehe."

"Mungu yupo. Anza na huyu aliyesimama na kibunda."

Hospitali walimpima, wakapiga picha. Daktari akasema saratani haionekani. Ni ile mionzi ya zamani: iliponya, lakini ikaacha kovu kwenye mishipa ya fahamu chini ya uti wa mgongo, na kovu hilo huweza kuchelewa miaka mingi kujionyesha. Mguu hautarudi kama zamani. Kuna mazoezi, kuna kiatu cha kushikilia unyayo, na ngozi itazamwe kila siku, maana yenyewe haitalalamika.

Nyumbani, mwana mkubwa alifungua kibunda kwa mikono yake, kichwa chini. Mama akaketi kwenye cherehani, akamtazama mkwe.

"Nisamehe, mwanangu."

Mkwe aliinua pasi, akazunguka nayo, akaiweka kushoto.

"Huku, mama, utausikia moto."