Niling'arisha Jante Zangu, Nikachafua Jina la Papa Bahati

Dola ishirini na tatu. Ndiyo gharama yote niliyotoa mfukoni: makopo mawili ya rangi ya kupuliza, kopo moja la vernisi, msasa vipande sita na masitiki kidogo ya kuziba mikwaruzo. Nimehesabu mara mbili. Kilichobaki alilipa mtu mwingine... na alilipa kitu ambacho sijui kinauzwa wapi ili nimrudishie.

Mimi ni mwanaume wa miaka arobaini na minne, mkaaji wa Nguba, hapa Bukavu. Nina mke, watoto wanne, na gari moja la zamani ninalokodisha kwa safari na kwa arusi. Majina nimeyabadilisha. Mimi mniite Papa Aline.

Sokoni wananijua. Mama wa nyanya akiniona kwa mbali anapandisha bei kabla sijasalimia, ili tukimaliza kushuka tufike pale alipotaka toka mwanzo. Simlaumu. Kwangu bei ya kwanza ni salamu tu. Ubaya ni kwamba nilizoea kuyachukua hata maneno ya watu hivyo hivyo. Mtu akinionya, mimi nusu nilikuwa naikata papo hapo.

Jirani yetu alikuwa anamwoza binti yake, Neema. Akaja kuona gari litakalombeba bibi arusi. Akalizunguka, akafungua mlango, akakalia kiti, akaridhika. Kisha akainama kwenye magurudumu.

"Papa Aline, gari iko muzuri. Lakini hizi jante! Iko sawa mutu amevaa costume na tai, na chini sandale ya kuogea."

Alisema kweli. Jante zangu, yaani rimu za magurudumu, ni za alumini, zile zinazotakiwa kung'aa. Lakini mawe ya barabara zetu yalikuwa yamezitafuna kandokando, na rangi ilikuwa inabanduka maganda maganda.

Nikaenda kwa Papa Bahati. Yeye ni kwado, fundi wa mipira ya magari, kando ya barabara yetu. Nusu ya magari ya Nguba yalipita mikononi mwake. Akaniambia dola sitini kwa jante nne. Nikamwambia kumi na tano.

Akacheka mpaka akakalia mpira. "Kwa kumi na tano nitakupakia moja. Zile tatu utafunika na kitenge ya Maman Aline!"

Nikapanda mpaka ishirini na tano, yeye akashuka mpaka hamsini na tano, akagoma. Basi nikageuka kuondoka polepole, kama tunavyofanya sisi, nikingoja kuitwa. Na kweli akaniita! Lakini si kwa bei, bali kunionya juu ya buloni, zile nati zinazofunga gurudumu, na fasi, yaani mahali, zinapokaa.

"Kama unaenda kujifanyia mwenyewe, sikia. Fasi buloni inauma, usipake. Na kule nyuma, fasi jante inakamatana na gari, usipake. Rangi haiko chuma. Inapondekaka, kisha buloni inalegea."

Mimi nilisikia nini? Nilisikia mtu anayeongeza chumvi ili kazi ionekane ngumu. Nikaikata nusu. Nikaenda.

Siku tatu nilifanya kazi nyuma ya nyumba, jante juu ya matofali. Nikaosha kwa sabuni, nikasugua kwa msasa mkali, kisha ule mwembamba na maji. Nikachomeka karata za kuchezea kati ya mpira na jante ili rangi isipake mpira. Mke wangu, Maman Aline, alipita na beseni akaniuliza, "Papa, unapaka jante ama unapamba keki?" Nikapuliza mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Jamani, zilikuwa zinang'aa! Ungeweza kujinyolea ndevu ukijitazama ndani yake.

Na kopo la pili lilibaki nusu.

Hapo ndipo shetani aliponipata. Si kwa pombe, si kwa mwanamke... kwa nusu kopo la rangi! Kutupa rangi niliyolipia? Mimi? Nikazigeuza jante, nikapuliza nyuma kote. Nikapuliza na kwenye matundu ya buloni. Mara mbili, mpaka kopo likapiga mluzi mtupu.

Ijumaa nikazirudisha kwenye gari. Buloni ishirini. Nikahesabu: ishirini. Nikarudia: ishirini. Hata moja haikukosa.

Asubuhi ya arusi nikapita kwa Papa Bahati anikazie buloni kwa ufunguo wake mrefu. Alipiga makofi. "Eh, Papa Aline! Sasa unaninyang'anya kazi!" Kisha akapunguza sauti. "Lakini kule ndani hukupaka?"

Ningesema nimepaka, angetoa magurudumu yote manne, akwangue, anicheke, na Neema alikuwa anangoja saluni. Nikamjibu, "Sikupaka. Si ulinikataza?"

Akakaza zote kwa uzito wake wote. Pesa alikataa. "Hiyo iko zawadi ya bibi arusi," akasema. "Lakini ukitembea kidogo, rudia hapa nikaze tena."

Sikurudi. Tulimchukua Neema, mpiga picha akataka tuzunguke mji na honi, tukazunguka mara mbili. Tulipoanza kushuka kuelekea kanisani, usukani ukaanza kutetemeka. Mimi nilifanya nini? Nikaongeza muziki!

Kisha nikaona kitu ambacho sitakisahau. Gurudumu liling'aa kwenye jua, likatupita kwa upande wa kushoto, likishuka peke yake mbele yetu. Nikawaza, ni la nani lile? Lilikuwa letu.

Gari liliangukia ukuta. Namshukuru Mungu, hakuna aliyekufa. Lakini kifundo cha mkono wa kushoto wa Neema kilivunjika. Alifika kanisani akiwa amechelewa kwa saa tatu, mkono una plasta na vidole vimevimba. Pete ilikataa kuingia. Padri aliibariki, bwana arusi akaitia mfukoni, na watu hawakujua kama wapige vigelegele au walie.

Baba ya Neema akanishika koti pale pale mlangoni mwa kanisa. "Nani alikaza hizi buloni?"

Nikasema, "Papa Bahati. Leo asubuhi."

Wasomaji wenzangu, lile neno halikuwa uongo. Nimelipima mara mbili. Kila herufi yake ni kweli, na ni neno chafu kuliko yote niliyowahi kusema.

Jioni ile ile Papa Bahati alikuja kwangu mbio, jasho linamtiririka. Hakubishana. Aliomba kitu kimoja tu: "Nionyeshe ile jante." Nikamwambia iko mbali, aje kesho. Ilikuwa nyuma ya nyumba! Alipoondoka nikachukua msasa ule ule, nikakwangua matundu yote matano na nyuma kote, mpaka alumini ikatoka nyeupe. Nilipoinua kichwa, Maman Aline alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko. Aliutazama ule msasa. Akaingia ndani.

Kesho yake Papa Bahati aliigeuza jante mikononi, akaingiza kidole kwenye tundu moja moja.

"Iko safi," akasema. Akatazama viganja vyake. "Basi iko mikono yangu."

Ningeweza kusema hapo. Tulikuwa wawili tu, hakuna shahidi. Nikaipokea jante, nikairudisha juu ya matofali.

Wateja walianza kumpita. Watu wa hapa hawapigi kelele, wanaongeza mwendo tu. Baada ya majuma mawili ungemkuta amekaa juu ya mpira, ufunguo mapajani, magari yanapita. Mwenyewe akaanza kukataa kazi. Mtu akimletea gari alikaza, akalegeza, akakaza tena, mpaka mwenye gari akachoka. Mtu aliyekuwa anakaza akiwa anaimba!

Sasa sikieni lililonivunja mimi.

Kwetu sisi Bashi, mwenye kosa ndiye anayebeba kasiksi, pombe yetu ya ndizi. Aliyekosewa akiinywa, neno limezikwa. Halifufuliwi tena. Jumapili moja Papa Bahati alipiga hodi kwangu na wazee wawili wa shirika letu la kanisa. Mkononi alikuwa na bido, dumu la lita tano la kasiksi. Alikuja kuniomba msamaha. Mimi! Kwa gari langu na kwa aibu niliyopata!

"Papa Aline, mikono imezeeka," akasema. "Unisamehe. Kwa baba ya Neema nilishafika. Ulibakia weye."

Wazee wananitazama. Glasi imejaa. Nikainywa. Wakanijazia tena, nikainywa na ile ya pili. Maman Aline alisema tumbo linamuuma, hakugusa. Walipotoka aliniambia neno moja tu, na tangu siku hiyo tunalala kama wapangaji wawili: "Ile pombe haikuwa yako."

Mngesema mtu wa namna yangu angekuwa ameshiba ubaya. Juma lililopita Papa Bahati alikuja tena. Amebeba kriki yake ya kuinulia magari, ufunguo mrefu na pampu. Anauza. Akataka dola arobaini kwa vyote. Na kabla moyo haujafika, mdomo wangu ulikuwa umeshasema, "Thelathini." Akakubali palepale! Hakubishana hata kidogo, yeye aliyegoma kwenye hamsini na tano. Nilijisikia nimemvua shati.

Nikamuuliza anaenda wapi. Akanijibu kwamba mwezi huu ukiisha anashuka Mwenga kuchimba dhahabu. Ana miaka hamsini na sita. "Kule mu shimo," akasema, "nikikosea nitajiumiza mwenyewe tu."

Ndugu zangu, fundi akikuambia usipake fasi fulani, usipake. Usimkate nusu. Na kama umepaka, sema siku ile ile, wakati bado ni jambo la kukwangua na kucheka. Uongo mdogo wa asubuhi, mimi mwenyewe nimeona mchana wake ukivunja mkono wa binti wa watu, na baada ya miezi unampeleka baba wa familia shimoni. Msifuate njia yangu, nawasihi!

Zimebaki siku tisa mwezi uishe. Najua lazima niseme. Lakini neno lenyewe tulishalinywea, na kwa desturi yetu neno lililonywewa anayelifufua anawatukana wote waliokaa pale. Nikisema mbele ya wazee na baba ya Neema, jina lake litarudi, na mimi sitaishi tena Nguba kwa amani, pamoja na mke na watoto wangu. Nikimwambia peke yake chumbani, labda atanisamehe, kwa kuwa ndivyo alivyo... lakini magari yataendelea kumpita. Nimepima huku, nimepima kule. Kwa mara ya kwanza maishani, hesabu zangu mbili hazilingani.

Ninyi mliowahi kufufua neno lililonywewa, nisaidieni kabla siku hizo hazijaisha: nibebe bido yangu niende kwa nani kwanza, na nikishafika mlangoni, nianze na neno gani?