Fuko Lilichimba Mawili

Fuko lilimaliza kaburi la Babu Gervas kwa dakika kumi na moja, likakung'uta udongo kwenye meno yake, halafu mbele ya jeneza na watu mia tatu likasogea hatua mbili kushoto na kuanza kuchimba lingine.

"We! We mashine!" Bwana Mloka, mwenyekiti wa chama cha kuzikana, alilipigia makofi kama anafukuza mbuzi shambani. "Kwani leo tumekufa wangapi?"

Hakuna aliyecheka. Mama mmoja alijishika kichwa. Fuko lilikuwa roboti la kuchimba makaburi, kubwa kama ng'ombe aliyelala, miguu sita, mdomo wa chuma unaotafuna mawe ya Uluguru kama karanga. Lenyewe haliamui kitu. Linachimba likiambiwa, basi. Na linaambiwa na jukwaa la Tuzikane, chama chenyewe, na mtunza jukwaa la Tuzikane ni Semvua. Macho yote yakamgeukia Semvua.

"Msinitazame hivyo," alisema. "Mimi sijaliambia."

"Aliyeliambia nani? Marehemu?" Mloka aliuliza.

Semvua alifungua kioo chake cha kiganjani. Akaona kosa palepale, na likamuudhi kwa sababu lilikuwa la kijinga. Fuko lilikuwa limesasishwa kiwandani wiki ile. Jukwaa liliagiza kaburi, Fuko likajibu "nimesikia" kwa lugha mpya, jukwaa la zamani halikuelewa jibu, likadhani halijasikika, likaagiza tena.

"Ni kiziwi anaongea na mgeni," alimwambia Mloka. "Jukwaa letu ni toleo la nne. Dunia iko toleo la tisa."

"Na mtu wa kulisasisha ni nani?"

Semvua aliinamia kioo chake.

Hapo ndipo penyewe. Mwaka ule wa 2094 Morogoro ilikuwa imepanda mlima, ghorofa juu ya ghorofa, na mtu aliweza kukaa miaka kumi bila kuijua sura ya jirani. Kilichobaki cha ujirani ni Tuzikane. Kila asubuhi jukwaa lilimsalimia kila mwanachama, naye akajibu. Asiyejibu, watu walikwenda kumgongea mlango. Akifa, jukwaa linatangaza, linaliita Fuko, linaita watu. Mtu wa Tuzikane hazikwi na manispaa. Hicho ndicho kiapo cha chama, hakuna kingine.

Sasa watu wakachoka kujibu salamu kila siku. Toleo la nne likawaletea mjibizi. Kakitu kadogo tu: kanakusikiliza mwezi mzima, kanajifunza unavyoongea, halafu ukiwa na shughuli kanajibu badala yako. Watu walikapenda kama sukari.

Matoleo mapya yalipokuja, Semvua alikataa. Mara tano. Sababu yake ilikuwa moja na kila mtu aliikubali: kusasisha kunafunga jukwaa, wanasema hata kwa saa sita nzima. Je, mtu akifa ndani ya hizo saa sita? Chama cha kuzikana hakifungi mlango. Hata maelezo ya sasisho hakuyasoma.

Aliyembishia ni mmoja, Da Melania, fundi mstaafu wa ghorofa ya kumi na tisa, aliyemfundisha Semvua kazi hii kijana huyo alipoacha shule kidato cha pili.

"Programu haiozi, mdogo wangu," alimwandikia. "Inakaa palepale. Dunia ndiyo inasogea, kila siku kidogo, mpaka siku moja unaita na hakuna anayekusikia. Sasisha."

"Da Melania, unanisumbua."

"Nikuache ulale? Sasisha, mvivu mkubwa we!"

Walibishana hivyo mwaka mzima. Kisha, miezi mitano iliyopita, mama wa watu akalainika. Semvua akiandika, "Bado sijasasisha, dada," anajibiwa, "Sawa mdogo wangu, nashukuru Mungu. Za kwako?" Semvua alifurahi. Alijua ameshinda.

"Kaburi haliachwi wazi," Mloka alisema sasa, huku jeneza la Babu Gervas likishushwa kwenye lile la kwanza. "Katafuteni mgomba tuuzike humu. Likilala tupu litamwita mtu."

"Ngoja kwanza," Semvua alisema. "Nisiposasisha litachimba la tatu."

Akakaa juu ya rundo la udongo, akabonyeza. Kioo kikawa cheusi. Watu wakasubiri, wengine kwa kunong'ona, wengine wakikaza macho kwenye Fuko lililosimama na meno wazi.

Dakika kumi na nne. Basi. Semvua alitazama saa mara mbili. Miaka saba ya kuogopa saa sita, kumbe dakika kumi na nne.

Jukwaa liliamka na kitu cha kwanza lilichofanya ni kuweka orodha mbele yake: *Wanachama waliojibiwa na mjibizi pekee kwa zaidi ya siku saba. Tafadhali wafuatilie.*

Majina yalikuwa matatu. Wawili walikuwa vijana wa machimbo ya mwezini, hao wanajulikana, mawasiliano yao ni ya shida. La tatu: Melania Kobero. Siku 143.

"Hii imekosea," Semvua alisema kwa sauti, japo hakuna aliyemuuliza.

Akaandika, vidole vikiteleza: *Da Melania, upo?*

*Nipo mdogo wangu. Nashukuru Mungu. Za kwako?*

"Si mnaona? Yupo!" Akamwonyesha Mloka kioo. Mloka alisoma jibu, akasoma orodha, akavua kofia.

"Twende," alisema.

Walipanda wawili mpaka ghorofa ya kumi na tisa. Mlango wa Melania ulikuwa msafi. Walipiga hodi. Wakapiga tena. Semvua aliandika tena, *Da Melania, tuko mlangoni*, na kutoka ndani, nyuma ya mlango, wakasikia mlio wa ujumbe kuingia. Kisha jibu likaja kiganjani mwake: *Karibuni sana. Mimi mzima.*

Mloka alishika ukuta. "Mama yangu we," alisema. "Mama yangu."

Mlinzi wa jengo aliwafungulia. Ndani hakukuwa na harufu yoyote. Kisafisha-hewa kilikuwa kinanguruma kwenye dari, kikinyonya na kukausha, kama kilivyofanya siku mia na arobaini na tatu. Roboti la kufagia lilizunguka miguu ya kiti taratibu, likiikwepa. Kwenye kiti alikaa Da Melania, mdogo kuliko Semvua alivyomkumbuka, amekauka kama samaki wa Mtera, kanga begani, kioo mapajani. Kioo kilikuwa kinawaka. Kila asubuhi kiliulizwa umeamkaje, kila asubuhi kilijibu salama. Na nani angeshtuka? Sisi hata tukiwa hoi kitandani, tukiulizwa hali tunasema nzuri. Mashine ilikuwa imejifunza adabu yetu vizuri mno.

Semvua alikaa chini sakafuni, ndipo akasoma maelezo ya toleo la tano, yale aliyoyapuuza miaka yote. Mstari wa tatu: *Mjibizi akijibu siku saba bila mwenyewe kugusa kioo, majirani wataarifiwa.*

"Siku saba," alimwambia Mloka. "Ningejua siku ya nane. Labda alikuwa bado..."

"Usiseme," Mloka alisema. "Usiseme, mwanangu."

Polisi na daktari walikuja, wakaandika, wakaondoka. Daktari alisema moyo, na kwamba haukuchukua muda mrefu. Semvua hakujua kama anamwambia ukweli au anamfariji tu.

Kesho yake saa nne watu walikuwa palepale makaburini, wengi kuliko jana. Mgomba uliokatwa ulikuwa umelala pembeni juu ya nyasi, haukuhitajika tena. Fuko nalo halikuitwa. Kaburi lilikuwepo tayari, hatua mbili kushoto kwa Babu Gervas. Semvua aliingia mwenyewe kupokea jeneza. Lilikuwa jepesi. Wallahi lilikuwa jepesi mno.

Walipomaliza kufukia, yule mama aliyejishika kichwa jana alimsogelea, akamshika mkono wenye udongo.

"Pole, baba. Hujambo lakini?"

Semvua alifungua mdomo. Neno lilikuwa pale kwenye ulimi, lile analojibu tangu anajifunza kuongea, linalotoka lenyewe bila mtu kulituma. Akalimeza.

"Hapana, mama," alisema. "Mimi si mzima."

Mama hakuuachia mkono.