Plasta ya Mwaka Jana

Kazi yenyewe ilikuwa ya kawaida kabisa. Shangazi alileta laptopu yake kuukuu saa kumi jioni, akaitua juu ya meza ya fundi, mtoto wa kaka yake aliyemlea tangu anaota meno.

"Imekuwa nzito, mwanangu. Nikiiwasha, nachemsha chai na kuinywa ndipo inaamka. Niwekee ule mfumo wa bure unaousifia kila siku."

"Itakimbia, shangazi. Nenda sokoni, ukirudi utaikuta tayari."

Shangazi akamshika mkono. "Sauti ya marehemu imo humo. Popote pengine haipo."

Fundi aliijua. Sekunde kumi na mbili tu: mumewe anaita toka uani, "Mke wangu, anua nguo, mvua hiyo," halafu anakohoa. Mwaka wa pili huu shangazi halali bila kuisikiliza.

Sasa fundi huyu alikuwa na mtindo wake. Kwanza ananakili mafaili ya mteja kwenye diski ya akiba, kisha anabandika plasta nyeupe mfunikoni, kujikumbusha kwamba ameshanakili. Lakini ni mtu wa kiherehere. Simu iliita, akatoka kuongea, na aliporudi akaiona plasta. Akaridhika. Akachomeka flashi yenye mfumo mpya, akachagua kufuta diski yote, akabonyeza.

Plasta ile ilikuwa ya mwaka jana, siku aliyobadilisha kibodi ya laptopu hiyohiyo.

Mfumo mpya ulikaa vizuri mno. Ndipo akafungua diski ya akiba ili arudishe mafaili ya shangazi... hakuna kitu. Akatafuta tena. Akajaribu kurejesha kilichofutwa, zikatoka takataka tupu. Nje jua lilikuwa linazama na shangazi alikuwa njiani.

Alipoitazama tena laptopu, kulikuwa na faili moja kwenye kioo. Halikuwa na jina. Sekunde kumi na mbili.

Hakuliweka yeye.

Akalifungua. "Mke wangu, anua nguo, mvua hiyo."

Kikohozi hakikuja. Zilikuja pumzi, nzito, za karibu. Chumba kikanuka udongo uliolowa, na miezi mingi mvua ilikuwa haijanyesha. Akatazama muda wa faili. Sekunde kumi na tatu. Kumi na nne... Akachomoa waya wa umeme. Betri ya laptopu ile ilikufa zamani, bila waya haiwaki.

Haikuzima.

"Mwambie umenihamisha," sauti ikanong'ona.

Mlango ukagongwa. Shangazi aliingia na kikapu chake, hata hakuketi. "Sauti ipo?"

Angeweza kusema kweli. Alimtazama usoni mama yule aliyemlea. Aibu ilimshinda.

"Ipo."

Shangazi alisikiliza, machozi yakamtoka. "Leo hajakohoa," akasema taratibu. "Afadhali. Amepona."

Siku tatu fundi hakupata usingizi. Ya nne, jioni, shangazi alimpigia simu huku anacheka. "Ule mfumo wako ni mzuri, mwanangu. Zamani alikuwa anarudia yaleyale. Sasa ananijibu."

"Shangazi, sikiliza. Sikuhamisha kitu. Nilimfuta. Huyo siye."

Shangazi akacheka tena.

"Ameshaniambia ulimfuta. Hana kinyongo na wewe. Subiri, ananiita uani."

"Usiende, shangazi."

"Nikaanue nguo tu. Anasema mvua hiyo."

Fundi akatazama dirishani. Mbingu ilikuwa nyeupe, bila hata wingu moja. Kwenye simu alisikia kandambili zikiburuzwa, mlango ukilia... kisha pumzi. Akatoka mbio, simu sikioni.

Aliukuta mlango wa uani wazi. Kamba ilikuwa tupu. Kandambili zilikuwa chini yake, moja mbele, moja nyuma, na udongo umelowa hapo tu. Majirani walitafuta, polisi wakatafuta. Hakuonekana.

Laptopu ilikuwa juu ya kigoda jikoni, inawaka bila waya. Faili moja. Sekunde kumi na mbili. Alilifungua.

"Mwanangu, anua nguo, mvua hiyo." Ilikuwa sauti ya shangazi. Kisha akakohoa.

Mafundi wenzake wanamwambia aifute aondokane na balaa. Hathubutu. Sauti ya shangazi imo humo, na popote pengine haipo. Ameifungia kabatini, na kila jioni anaifungua kidogo kutazama muda tu.

Jana ilikuwa sekunde kumi na tatu.