Cheti cha Rebeka Hakiwekwi Rehani

Kila asubuhi, kabla hata chai haijachemka, kuna mtu mlangoni kwa Pantaleo, Kalangalala, mjini Geita. Huyu simu yake haichaji. Yule kompyuta ya stesheneri yake haiwaki. Wote wanamtaka Rebeka.

Rebeka ni binti wa Pantaleo. Ana stashahada ya kompyuta, na ana subira na watu. Alichokosa ni ajira.

Jumanne moja alipigiwa simu na kampuni ndogo ya kompyuta ya Ngokolo, Shinyanga. Walitaka fundi wa kuwasaidia wateja ambao mashine au mtandao wao umegoma. Walikuwa wamesoma barua yake ya maombi.

"Usaili ni Ijumaa, saa nne asubuhi," alisema mwanamke wa kule. "Njoo na vyeti halisi tuvione."

Rebeka alishukuru, akakata simu. Kisha akakaa kizingitini akalia.

Vyeti vyake havikuwa nyumbani. Miezi miwili iliyopita aliomba kazi kwa Edson, mwenye kampuni nyingine ya kompyuta hapo hapo Geita. Edson alimwambia aache vyeti halisi, asubiri kuitwa. Hakuitwa. Alipovifuata, Edson alimcheka.

"Nikikupa utakimbilia kwingine," alisema. "Vyeti vitakaa hapa mpaka nafasi ipatikane."

Jamani! Mtu hajakupa kazi, hajakupa hata kiti cha kukalia, lakini tayari amekufunga miguu. Tuuite kwa jina lake: huo ni uonevu.

Jirani yao Mwaisha, ambaye watu humwita Mama Swaleh, alisikia kilio akaja. Mama huyu alikuwa afisa utumishi hospitalini miaka mingi kabla ya kustaafu.

"Shikamoo, Mama Swaleh," alisema Rebeka, akijifuta machozi.

"Marahaba, mwanangu. Nani amekuliza?"

Rebeka alimweleza yote. Mama Swaleh akashika kiuno.

"Nani alikwambia uache cheti halisi?"

"Mimi," Pantaleo alijibu kutoka ndani. Alitoka akiwa na buti zake za mgodini mkononi. "Sisi wachimbaji wa dhahabu kule duarani, kabla hujashuka shimoni, unamwachia msimamizi kitambulisho chako cha kura. Ndiyo dhamana. Nikaona na ofisini ni vivyo hivyo."

"Na ulipotaka kuhama duara, Baba Rebeka?"

Pantaleo alitazama buti zake. "Msimamizi alininyima kitambulisho. Nilikaa miezi mitatu zaidi bila kupenda."

"Basi umemfunga mwanao kwa kamba ile ile."

Maneno hayo yalimchoma Pantaleo.

"Sikiliza, Rebeka," Mama Swaleh aliendelea. "Barua ya maombi unaiambatanisha na nakala. Wakitaka nakala iliyothibitishwa, mpelekee wakili aigonge muhuri. Cheti halisi unakwenda nacho kwenye usaili. Wanakitazama mbele yako, wanalinganisha na nakala, unakirudisha kwenye mkoba. Mwajiri ana haki ya kukiona. Hana haki ya kukifungia kabatini."

"Na huyu ambaye ameshavifungia?"

"Tunamwandikia. Leta karatasi."

Waliandika barua fupi, nakala mbili. Ilitaja vyeti vyote viwili, tarehe vilipoachwa, na kwamba Rebeka anavihitaji mara moja. Nakala moja ya Edson. Nyingine aisaini kuonyesha ameipokea, ibaki kwa Rebeka.

Jumatano asubuhi walikwenda watatu. Edson aliisoma barua, akaisukuma pembeni.

"Sisaini kitu. Ninyi wazee mnaingilia mambo ya ofisi."

"Usisaini," alisema Mama Swaleh. "Tutaandika hapa kwamba umekataa, mbele ya mashahidi wawili. Halafu tutakwenda kwa afisa kazi. Utamweleza yeye kwa nini unashikilia vyeti vya mtu ambaye hujamwajiri."

Pantaleo aliisogelea meza kwa hasira. "Binti yangu si mbuzi umfunge kwenye kigingi! Toa vyeti!"

Edson alimtazama Pantaleo, akaitazama barua. Akavuta droo kwa kishindo. Rebeka aliona ndani: vyeti, rundo zima, vya watoto wa watu. Edson alipekua, akavitupa vya Rebeka mezani.

Hapo Rhoda, fundi wa Edson aliyekuwa pembeni na bisibisi mkononi, alisimama.

"Na vyangu, bosi. Mwaka wa pili huu."

Edson alirudi kwenye droo. Akapekua tena.

Alhamisi Rebeka alisafiri, akalala kwa shangazi yake Kolandoto, Shinyanga. Ijumaa saa nne alikuwa Ngokolo, mbele ya mwenye kampuni, Nassibu.

"Mteja wa duka la dawa amepiga simu, anafoka," alisema Nassibu. "Printa imegoma. Utafanyaje?"

"Nitamwacha amalize kufoka," alijibu Rebeka. "Kisha nitamwuliza taa ya printa inawaka? Waya umechomekwa? Karatasi ipo? Nitaenda naye hatua moja moja. Ikishindikana nitamfuata dukani."

Nassibu alicheka. Akavichukua vyeti, akavilinganisha na nakala, akamrudishia. Jioni walimpigia kwamba amepata kazi. Jumatatu walimpa mkataba wa maandishi. Aliusoma wote, akauliza kuhusu saa za kazi na likizo, ndipo akasaini. Nakala moja ilikuwa yake.

Alimpigia baba yake.

"Baba, nimepata! Nimeshasaini."

"Wabeja, mwanangu, wabeja sana!" Pantaleo alishukuru kwa Kisukuma. Kisha sauti ikashuka. "Na vyeti? Wamevishika?"

"Wamevitazama tu, Baba. Ninavyo mimi."

"Kumbe inawezekana," alisema Pantaleo. "Miaka ishirini nimeshuka shimoni, kumbe walikuwa wanatuonea tu."