Bolti Nne za Kiti cha Bibi

Nikitoka shule nilikuwa na kazi tatu: kuvua sare, kula kilichofunikwa mezani, na kwenda nyuma ya nyumba kuogesha vyuma. Hiyo ya tatu ndiyo iliyonichelewesha kwenda kucheza, kwa hiyo zile mbili za kwanza nilizifanya kwa pamoja, mkono mmoja kwenye kifungo na mwingine kwenye sahani. Ndiyo maana Shangazi alinibandika jina la Chapuchapu.

Vyuma vyenyewe vilikuwa vya Kobe. Kobe ni gari la marehemu Babu, la milango miwili, na kwa miaka sita lilikaa chini ya turubai kuku wakitagia kwenye kiti cha nyuma. Shangazi, dada yake baba, ni fundi magari. Mwaka ule aliapa kwamba Kobe atatembea tena, kwa sababu magoti ya Bibi yalikuwa yameanza kumgomea na kliniki ni mbali. Bibi akienda kwa miguu alipumzika mara nne njiani, na alifika amechoka kuliko wagonjwa waliolazwa.

"Injini niachie mimi," Shangazi aliniambia siku ya kwanza. "Wewe adui yako ni kutu."

Kila bolti aliyoifungua aliichomeka kwenye kipande cha boksi alichochora umbo la gari, ili kila moja ijue kwao. Mimi nilizichukua sehemu kwa sehemu. Jioni nilizitumbukiza kwenye kopo la siki zilale humo. Kesho yake nilizisugua kwa brashi ya waya mpaka vidole vikafa ganzi, nikazisuuza kwa maji ya magadi ili ukali wa siki uishe, nikazikausha. Hapo bado sikuruhusiwa kugusa rangi. Kwanza sharti zipite kitambaa.

Hiyo ilikuwa sheria ya Shangazi mwenyewe, na sijaiona kwa fundi mwingine yeyote. Alikuwa amechana shuka jeupe la zamani vipande vipande. Bolti ikishakauka, unaifuta kwa kipande cheupe kuanzia kichwani hadi kwenye ncha yenye meno, kisha unampelekea bolti pamoja na kitambaa. Kitambaa kikionyesha wekundu, hata kama ni wa kuchungulia, bolti inarudi kwenye siki.

"Chuma kinaoga kwanza, kuvaa baadaye," alipenda kusema. "Ukijipulizia manukato juu ya jasho, unamdanganya nani? Pua za watu?"

Nilicheka kila alipolisema hilo. Kwa wiki tatu nilifanya kazi vizuri, na bawaba za milango zilipotoka mikononi mwangu zilikuwa nyeusi na safi kabisa.

Kisha ikaja Jumatano moja nikasahau. Bolti nne za kiti cha mbele, kile cha abiria, nilizichomoa kwenye boksi, nikaziweka kwenye kopo, na kopo nikaliacha kavu bila tone la siki. Alhamisi nilipofika nikazikuta zimenikodolea macho, nyekundu vilevile.

Na Alhamisi hiyo ndiyo tulikuwa na mechi ya mpira wa pete dhidi ya timu ya mtaa wa juu. Rafiki yangu Mapengo alikuwa tayari amesimama getini, akiruka mguu mmoja mmoja.

"Wewe, twende! Wameshafika, na yule mrefu wao kaja!"

"Bado bolti nne tu."

"Nne? Nne si dakika tano?"

Nne ni dakika tano, kama zimelala kwenye siki. Kama hazijalala, hata saa nzima haitoshi. Nililijua hilo. Nikachukua brashi, nikasugua vichwa tu, pale panapoonekana. Shingoni, chini ya kichwa, kutu ilikuwa imejaa magamba, na huko sikukugusa. Nikapaka rangi nyeusi nzito, na meno nikayapaka grisi ili wekundu usionekane. Sitasema nilipitiwa. Nilijua ninachofanya.

Shangazi alikuwa chini ya gari, ikionekana miguu yake tu.

"Chapuchapu, za kiti zimepita kitambaa?"

"Zimepita."

"Kiko wapi nikione?"

"Kimeanguka kwenye oili, nimekitupa."

Miguu ilijikunja, kisha ikanyooka tena. "Haya. Ziweke zikauke."

Kumbe uongo haupendi kutembea peke yake. Wa kwanza ulipotoka, wa pili uliufuata wenyewe bila kuitwa. Lakini wakati ule sikuwaza hayo. Nilikimbia uwanjani, tukashinda, nikafunga mabao sita.

Ijumaa jioni Shangazi alizichukua zile bolti, akazigeuza kwenye mwanga, akatabasamu. Hilo tabasamu ndilo lililoanza kunichoma.

"Mama!" alimwita Bibi. "Njoo uone kazi ya mjukuu wako. Zinang'aa kama viatu vya bwana harusi!"

Bibi alikuja taratibu na fimbo yake. Alizitazama kwa muda mrefu, ingawa bila miwani sidhani kama aliona zaidi ya kiganja cha Shangazi.

"Basi kesho nikienda kliniki nitakuwa nimekalia mikono ya mjukuu wangu," alisema, akanishika shavu. "Nani kama mimi?"

Nilitamani ardhi ipasuke. Shangazi alikifunga kiti huku akipiga mluzi. Niliomba agundue mwenyewe, nisije nikalazimika kusema. Hakugundua.

Usiku ulipokaribia Mapengo alikuja tusimuliane mechi, nikamwambia yote.

"Lakini gari lina bolti ngapi?" aliuliza. "Mia? Mia mbili? Nne ni nini?"

"Ni nne hizo hizo."

"Zinashika nini kwani?"

"Kiti. Cha Bibi."

Mapengo alirudi nyuma hatua moja. Alisema kwa sauti ndogo, "Mimi nisingekikalia." Akaaga, akaenda kwao.

Sikula. Mama yangu aliponigusa paji la uso kuona kama nina homa, nilisema nimechoka, na huo ukawa uongo wa tatu. Nafsi ilinisuta usiku kucha. Nilijiambia nitasema asubuhi. Asubuhi nikajiambia nitasema baada ya chai. Baada ya chai Bibi alitoka amevaa gauni lake la kijani na viatu vya kutokea, mkoba begani, kama anaenda kupokea tuzo na si kupimwa damu. Shangazi aliwasha Kobe. Akakohoa, akatetemeka, akanguruma. Bibi alipiga makofi.

Kisha akaushika mlango.

"Bibi usikae!" Sauti ilinitoka kubwa kuliko nilivyokusudia. "Bibi usikae hapo. Hazikupita kitambaa. Sikuziloweka hata. Nilipaka rangi juu ya kutu nikaenda kucheza."

Injini ilizimwa. Sikuthubutu kumtazama Shangazi usoni, nilitazama buti zake. Zilikwenda kwenye sanduku la vifaa, zikarudi. Shangazi alipiga magoti, akaingiza spana. Bolti ya kwanza ilitoka, ya pili ikatoka, na ya tatu. Ya nne aliizungusha kidogo tu, bila nguvu, ikalia *tak!* Kichwa kilibaki kwenye spana. Kilichobaki kilikwama sakafuni mwa gari.

Alinionyesha mahali ilipokatikia. Chini ya rangi yangu nzuri, shingo ilikuwa imeliwa hadi kubaki nyembamba kama njiti, na unga mwekundu ukamwagika kwenye kiganja chake.

"Kama ningefunga breki ghafla," alisema Shangazi, "kiti kingeng'oka na mama yangu juu yake." Sauti yake ilitetemeka, na hilo liliniumiza kuliko kofi.

Nilianza kulia. Kilio hakikusaidia kitu. Bolti ilikuwa imekwama, kuichomoa ni kazi ya siku nzima, na kwenye kiti cha nyuma cha gari la milango miwili Bibi asingeweza kujikunja kuingia. Kliniki ilikuwa inamsubiri. Bibi alichukua fimbo yake.

"Tutakwenda tulivyozoea," alisema. "Wewe, beba mkoba."

Ile safari sitaisahau. Kila aliposimama kupumzika nilihesabu. Moja, kwenye ukuta wa shule. Mbili, kwa fundi cherehani. Tatu, kwenye daraja dogo, akijikanda magoti kwa mikono miwili bila kunilaumu. Afadhali angenilaumu. Mara ya nne tuliketi kwenye ngazi za duka lililofungwa, na hapo sikuweza tena.

"Nisamehe Bibi. Nilijua tangu jana. Nilijua tangu juzi."

"Najua ulijua," alisema. "Tangu jana hujala. Nikadhani umependa mtu."

Nilicheka na kulia kwa pamoja.

"Unajua kwa nini naenda kliniki hata kama sijisikii kuumwa?" aliendelea. "Kwa sababu mficha maradhi kifo humuumbua. Babu yako alikuwa akikohoa, tukimuuliza anasema ni vumbi. Alipokuja kusema kweli, daktari hakuwa na la kufanya. Wewe umesema kabla sijakaa. Umechelewa, na magoti yangu yanakuambia umechelewa, lakini umesema. Inuka, twende."

Tuliporudi Shangazi alikuwa bado amelala ubavu akipambana na ile bolti iliyokatika. Nilikaa chini kando yake, nikisubiri kufukuzwa kazi.

"Na mimi nina langu," alisema bila kugeuka. "Sheria ya kitambaa niliitunga mimi. Uliponiambia kimeanguka kwenye oili, moyo ulinigutusha. Lakini nilitaka gari liishe, nikajifanya sikusikia. Kwa hiyo tumekosa wawili. Sasa tutatengeneza wawili."

"Hunifukuzi?"

"Fundi aliyeharibu akasema, nampa kazi tena. Anayeficha ndiye sina kazi ya kumpa." Akanisukumia kopo. "Lakini mechi zako wiki hii ni za kwenye siki."

Jioni kile kipande kilichokwama kilitoka, naye akafungua bolti moja kuukuu ya kipimo kilekile kwenye gari bovu la karakana yake, nayo ilikuwa nyekundu kama zile tatu zilizobaki. Nikaziloweka zote nne. Nilipozitoa sikuridhika, nikazirudisha usiku wa pili. Mapengo alipita getini na mpira, akaniona, akaja kushika brashi nyingine bila kuombwa. Tulisugua shingo, tukasugua kati ya jino na jino, tukasuuza, tukakausha. Nikazifuta kwa kitambaa cheupe, nikampelekea Shangazi.

Hakukipokea. "Mpelekee anayekalia," alisema.

Bibi alikuwa barazani. Jumamosi ya pili yake alitakiwa kurudi kliniki kuchukua majibu, na alijua nimekuja kwa ajili gani. Alikunjua kitambaa mapajani, akakigeuza upande huu na ule, akakisogeza karibu na macho.

"Sioni kitu," alisema.

"Hakuna kitu, Bibi."

"Kama hakuna, basi hiki ni kitambaa kizuri." Akatoa miwani mkobani, akapumulia vioo, na kwa kitambaa kilekile akavifuta polepole, kioo kimoja baada ya kingine. Alipoivaa, alinitazama moja kwa moja. "Mjukuu wangu, rangi ni ya watu wa kutazama. Chini ya rangi ni pa yule anayekuamini. Huko ndiko usafishe kwanza."

Jumamosi Kobe alikohoa, akatetemeka, akanguruma. Bibi, na gauni lake la kijani, aliushika mlango, kisha akasita na kunigeukia.

"Nikae?" aliuliza.

"Kaa, Bibi," nilisema.

Akakaa.